Mkono wa Marehemu

Mzee Ravindra alishusha mfuko wa katani juu ya meza ya karakana kwa mikono miwili, taratibu, kisha akafuta jasho. Ndani ya mfuko mlikuwa na mashine ndogo ya chuma cha kumimina, nzito kuliko ilivyoonekana, yenye wenzo mrefu upande mmoja na kopo la nta upande wa pili.

"Shikamoo, mzee," Aristides alisema.

"Marahaba, fundi. Habari za kazi?"

"Salama. Hii ndiyo ile ya klabu?"

"Ndiyo yenyewe. Imegoma."

Klabu ilikuwa ya walenga shabaha, wazee wa mjini wenye leseni na subira, na Ravindra, mwenye duka la vifaa vya michezo Kisutu, ndiye aliyewatunzia vifaa. Risasi za bunduki zao kongwe haziagizwi tena na mtu yeyote, kwa hiyo waliyeyusha madini na kumimina vichwa vya risasi wenyewe. Kichwa kikitoka kwenye kalibu huwa kinene kidogo kuliko inavyotakiwa, tena kikavu. Mashine ile ilikisukuma ndani ya bomba fupi la chuma, urefu wa kidole gumba, ambalo mafundi wa mtaa wa Gerezani huliita dai. Dai inakibana kichwa mpaka kipate unene sahihi, na kupitia matundu madogo ya ubavuni, nta inaingia kwenye mifereji ya kichwa ili kisikwaruze mtutu. Kila unene una dai yake. Sasa klabu ilikuwa imepata bunduki ya unene mwingine, dai ilitakiwa kubadilishwa, na ile iliyokuwamo ilikataa kutoka.

"Vijana wa kazi wa klabu walitaka kuigonga," Ravindra alisema. "Nikawaambia acheni kabisa. Dai ya kiwandani ilipasuka zamani. Hii ilitengenezwa hapa hapa. Tazama ndani, fundi. Huo ni mkono wa Onesphory. Mjini hapa hakuna mwingine angeweza."

Aristides alielekeza taa na kutazama ndani. Ilikuwa kweli. Uso wa ndani uling'aa bila mkwaruzo hata mmoja, na matundu ya nta yalikuwa yamepangwa kwa nafasi sawa kabisa, kingo zake zimelainishwa moja moja. Alihisi kitu kikimbana chini ya mbavu. Alikijua.

"Dai ya pili tunayo, ya kiwandani," Ravindra aliendelea. "Lakini hii tunaihitaji pia, bunduki zote za zamani zinaitegemea. Mashindano ni Jumamosi. Nitaipata?"

"Utaipata."

"Nzima?"

"Mzee, mimi ni fundi."

"Najua. Ndiyo maana nauliza."

Kwenye kaunta karibu na mlango, Jovitha, mkewe Aristides, alikuwa akimhesabia mteja nati na skrubu. Hakugeuka, lakini mkono wake ulisimama kidogo juu ya mzani.

*

Aristides alisomea ukerezaji wa chuma kwa mapadri kusini, na huko alifundishwa kwamba jambo lisilopimika halina nafasi karakanani. Alijua kwamba Onesphory, mume wa kwanza wa Jovitha, amekufa. Siku ya Marehemu Wote alikwenda pamoja na Jovitha kupalilia kaburi lake. Marehemu hawezi kumnyang'anya mtu mke, wala mteja, wala mashine. Hayo yote yalikuwa kweli, na hayakumsaidia chochote.

Alipomuoa Jovitha alihamia karakana ambayo mlangoni bado imeandikwa jina la mume wa kwanza, kwa herufi za buluu. Wateja walimwita "fundi wa kwa Onesphory". Spana zilining'inia ukutani kwa mpangilio wa Onesphory, na mpangilio wenyewe ulikuwa mzuri, kwa hiyo hakupata sababu ya kuubadili. Kiti cha kuzungusha kilichokuwa mbele ya mashine ya kerezo alikikuta chini mno, akakipandisha. Skrubu ya kiti hicho ilikuwa na alama ya kulika mahali pa chini, pale kilipokaa muda mrefu. Katika picha ya ukutani Onesphory alikuwa mtu mrefu, kichwa kinakaribia fremu ya mlango. Aristides aliiona picha, akaiona na skrubu, na hakuviweka pamoja.

Alikuwa na tabia moja ambayo hakumwambia mtu. Kila kazi ya Onesphory iliporudi kwa matengenezo, iwe ekseli ya mashine ya kukoboa au bushi ya pampu, alingoja Jovitha atoke, kisha akaipima kwa maikromita, kile kifaa cha kupimia unene. Aliipima pande zote, akiigeuza geuza kama mtu anayetafuta kiroboto kwenye manyoya. Hakuwahi kukuta kosa la kutaja. Jambo baya zaidi ni kwamba kazi za mwaka wa mwisho, mwaka ambao Onesphory alikuwa akiumwa, zilikuwa bora kuliko zile za nyuma. Uso wa chuma ulikuwa laini zaidi, pembe zake zimepunguzwa ukali kwa uangalifu ambao hakuna mteja aliyeulipia. Aristides alihitimisha kwamba ugonjwa ulimfanya yule mtu awe makini. Akauonea wivu hata ugonjwa.

*

Alianza kazi kwa utaratibu. Alilegeza kwanza skrubu ya kopo la nta ili shinikizo liishe, kwa sababu nta iliyobanwa inaisukuma dai kando na kuikaza. Akafungua nati ya juu. Akainua wenzo, ambao kwa kawaida huisukuma dai kwa chini itokee juu, na wenzo ukagoma. Hakuulazimisha, viungo vyake vilikuwa vyembamba. Akanyunyizia mafuta ya kulegeza kutu na kuyaacha yapenye.

Nta ilikuwa imekauka pembezoni mwa dai, ngumu kama gundi, kwa sababu Ravindra aliiweka mashine kwenye chumba chenye kiyoyozi. Hilo lilikuwa rahisi. Aristides alivuka uchochoro mpaka saluni ya Anifa, kuazima draya.

Anifa alikuwa na mteja mwenye kichwa chenye povu. "Fundi, watu wangu wana vichwa vibichi hapa, wewe unataka kumseti nani?"

"Chuma."

"Haya, mpake na mafuta ya nazi asije akakatika. Na draya yangu irudi bila grisi. Enzi za marehemu ilikuwa inarudi imefutwa."

Hata kwa Anifa alikuwa ametanguliwa.

Aliupasha joto mwili wa mashine mpaka nta ikayeyuka na kutiririka mezani, rangi ya chai. Akainua wenzo tena. Dai haikusogea. Basi haikuwa nta tu. Chuma chenyewe kilikuwa kimeshika chuma.

Jovitha alikuja na chai akasimama kando yake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, mzaliwa wa Ndanda, na aliongea kidogo. Mbele ya wateja alimwita fundi, na wakiwa wawili alimwita mwenzangu.

"Mwenzangu, kuna njia ya barafu," alisema. "Wakati wa marehemu tulikuwa tunatumia barafu ya Feri. Unapasha nje, unapoza ndani."

"Marehemu hayupo."

"Barafu ipo."

"Nitaitoa kwa njia yangu."

Jovitha aliweka kikombe mezani. Hakumtazama. Alitazama ndani ya mashine, kwenye ile dai, kwa muda ambao Aristides aliuona mrefu mno.

*

Njia yake haikufaulu. Alipasha, akapoza, akapasha tena. Aliingiza kipande cha shaba kwa chini na kukigonga kwa nyundo ya mbao. Dai ilikaa palepale.

Siku iliyofuata, Jovitha alipokwenda Kariakoo sokoni kununua mboga, aliifunga mashine kwenye jiliwa, akachukua nyundo ya chuma na panchi ya chuma. Akaisimamisha panchi chini ya dai, kwenye ukingo wake.

Alijua vizuri anachokifanya. Dai ilikuwa imepikwa motoni na kuzimishwa kwenye mafuta ili iwe ngumu, na chuma kigumu chembamba chenye matundu hakipindi. Kinapasuka, na ufa unaanzia kwenye tundu. Pigo moja lingetosha. Angemwambia Ravindra kwamba chuma kilichoka, na Ravindra angetikisa kichwa na kuamini, kwa kuwa chuma huchoka kweli. Kisha Aristides angetengeneza dai mpya, na miaka yote iliyobaki watu wangetazama ndani ya mashine ile na kuuona mkono wake yeye. Katika mji mzima hakuna aliyekuwa na kazi ya mwenzake mikononi kwa namna hiyo, peke yake, na kisingizio tayari.

Aliinua nyundo.

"Hiyo ni ya chuma," Jovitha alisema mlangoni. Kikapu kilikuwa bado begani.

"Najua."

"Ya shaba iko droo ya pili."

"Najua iliko."

Hakusogea. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Aristides, ambaye alikuwa amemwona akifiwa na mama yake bila kutetereka, aliona midomo yake ikitetemeka. Macho yalikuwa kwenye dai. Aristides na nyundo yake walikuwa kama hawapo. Analia kwa ajili ya kipande cha chuma, alifikiri, kwa sababu yule alikishika.

Alishusha nyundo. Huruma haikuhusika. Alikuwa amefundishwa kwamba fundi anayevunja kitu kwa makusudi hana jina, na somo hilo lilikuwa limekaa ndani zaidi kuliko wivu, ingawa si kwa mbali sana.

"Kesho nitakwenda Feri," alisema.

*

Alikwenda mwenyewe, asubuhi, wakati mnada wa samaki umechangamka na kivuko cha Kigamboni kinapiga honi. Sakafu ilikuwa majimaji na magamba. Muuza barafu, kijana aliyeitwa na wenzake Hafidhi, alikuwa akivunja bonge kwa shoka.

"Kiasi gani, kaka?"

"Nusu ndoo."

"Unauza juisi wapi?"

"Sina juisi. Karakana, Gerezani. Kwa Onesphory."

Hafidhi alisimamisha shoka. "Aaah! Kwa dada Jovitha! Mmeanza tena ile shughuli yenu ya barafu na chuma?"

"Unamjua?"

"Nani hamjui hapa? Alikuwa anakuja na ndoo yake ya bluu, anaruka maji ya samaki kama binti wa shule. Nikimwambia nimtafutie mtu wa kumbebea, anasema barafu yake habebewi na mtu. Mwaka mzima ule. Nikasema kweli, kuna wanaume wana bahati. Mumewe yule alikuwa na bahati."

"Mumewe ni mimi."

Hafidhi alimpima kuanzia kofia mpaka viatu. "Basi na wewe una bahati," alisema. Akamimina barafu. "Ila mbona leo ndoo umebeba wewe?"

Wauza samaki wa karibu walicheka. Aristides alipanda bodaboda akiwa ameikumbatia ndoo, maji yakimlowesha suruali. Tangu waoane, Jovitha alikuwa amempikia, amemfulia, amemuuguza malaria, na hakuwahi kumbebea barafu. Alijua kuwa hakuwahi kumwomba. Alijua pia kwamba juzi tu alimkatalia. Hoja hizo mbili alizipanga vizuri kichwani, na maumivu yakabaki yalivyokuwa.

*

Alichanganya barafu na chumvi ili ipoe zaidi, akatumbukiza humo fimbo ya shaba iliyoenea sawasawa kwenye tundu la dai. Wazo lilikuwa rahisi: mashine ikipashwa kwa nje inatanuka, dai ikipozwa kwa ndani inasinyaa, na kati yao nafasi inazaliwa, ndogo kuliko unywele, ya muda mfupi.

Tatizo lilikuwa mikono. Kazi ilitaka mikono minne. Kabla hajasema neno, Jovitha alikuwa ametoka nyuma ya kaunta na kuishika draya. Hakuuliza apashe wapi. Aliizungusha polepole kuizunguka shingo ya mashine, akiikwepa nta, akiiweka karibu pale chuma kilipokuwa kinene na kuirudisha nyuma pale kilipokuwa chembamba.

"Sasa," alisema.

Aristides alichomoa fimbo kwenye barafu, akaitumbukiza ndani ya dai. Moshi mwembamba wa baridi ulipanda. Wakasubiri.

"Bado," Jovitha alisema. "Bado. Haya."

Aristides aliinua wenzo kwa mkono mmoja. Kulikuwa na mlio mdogo, kama kuni ikikatika mbali, na dai ikapanda, ikapanda, ikatoka yote na kulala kwenye kiganja chake, baridi na nzima.

Jovitha alizima draya. Alikuwa akitabasamu na hakujaribu kuficha. Aristides aliona tabasamu lile na kulihesabu kuwa la Onesphory.

Jovitha aliporudi kwenye kaunta, Aristides alikaa chini ya taa na kuifuta dai. Ubavuni mwake, kuanzia juu mpaka chini, kulikuwa na mistari mitatu inayong'aa, iliyopishana kwa nafasi sawa. Hapo ndipo chuma kilipokuwa kimegusana na chuma. Sehemu nyingine zote zilikuwa na rangi ya kawaida.

Alichukua maikromita, akapima. Upana ulikuwa sawa. Akageuza, akapima tena, akageuza. Sawa, sawa, sawa. Maikromita ilisema dai ni duara kamili. Mistari mitatu ilisema si kweli.

Akakumbuka padri mmoja mkali na somo moja la mchana wenye usingizi. Kitu chenye nundu tatu zilizopishana sawa kinaidanganya maikromita, kwa kuwa kila upande uliovimba unatazamana na upande uliobonyea, na ukipima kutoka upande hadi upande unapata jibu lilelile. Aliinuka, akachukua kitako cha chuma chenye mfereji wa umbo la V, akailaza dai ndani yake na kuiwekea saa ya kupimia kwa juu. Akaizungusha polepole kwa kidole.

Mshale ulipanda na kushuka. Ukapanda na kushuka. Ukapanda na kushuka. Mara tatu kwa mzunguko mmoja.

Alijua mara moja kilichotokea. Fundi alitoboa kwanza tundu la ndani, kisha akaishika dai kwa ndani kwa taya tatu za mashine, akazikaza mno, akakereza nje. Ilipokuwa imebanwa ilikuwa duara. Ilipoachiwa, chuma chembamba kilirudi kwenye hali yake na umbo likaharibika. Ni kosa la mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Furaha iliyompata Aristides ilikuwa safi na tele, na hakuionea aibu. Aliizungusha tena dai mara kadhaa kwa kidole, ili tu kuuona mshale ukipanda.

*

Ravindra alipokuja, Aristides alikuwa ameandaa kila kitu mezani: mashine imesafishwa, dai, kitako, saa. Alimwita Jovitha asogee. Alitaka awepo.

"Imetoka nzima!" Ravindra alisema. "Fundi, umenipa maisha."

"Mzee, tazama hapa kwanza." Akazungusha dai. "Unauona mshale? Ndiyo sababu iligoma. Nta ilichangia, lakini kosa ni la kutengeneza. Ilibanwa vibaya kwenye mashine. Haikuwa duara tangu siku ya kwanza." Alisikia sauti yake, imetulia, sauti ya mtu anayesoma matokeo. "Marehemu alikosea."

Ravindra aliinama juu ya saa, akavua miwani, akaivaa tena. "Onesphory? Alikosea?"

"Mshale hauna upendeleo, mzee."

"Onesphory hakukosea," Jovitha alisema.

Aristides alikuwa amelitarajia hilo. "Jovitha, njoo uzungushe mwenyewe."

"Sina haja ya kuzungusha. Nimekuelewa, na ni kweli. Nilizikaza mno zile taya, niliogopa isije ikaruka." Alifuta mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa na kitu. "Mwaka ule Onesphory alikuwa hawezi kushika hata kikombe. Mikono ilikuwa inatetemeka hivi. Hiyo niliikereza mimi."

Nje, mtu alikuwa akikata bati. Ravindra aliinua kichwa kutoka kwenye saa.

"Na ile bushi ya pampu ya hekaluni?"

"Mimi."

"Na gia ya mashine ya mwanangu ya kukunja maboksi?"

"Hiyo alinielekeza, amelala pale kwenye mkeka. Mikono ilikuwa yangu. Kazi zote za mwaka ule, mzee. Hatukutaka wateja wakimbie."

Ravindra alimtazama Jovitha, kisha Aristides, kisha akaona ni busara kutazama mashine yake. "Dada Jovitha," alisema polepole, "mimi nimekuja hapa miaka mingapi, nakuomba nati."

"Na nati nilikuwa nakupa."

Aristides alikuwa bado ameweka kidole juu ya dai. Kichwani mwake ekseli, bushi na gia zilikuwa zikipita moja baada ya nyingine, kila moja aliyoigeuza geuza kwa siri, uso laini, pembe zilizotulizwa. Mtu ambaye yeye alimwonea wivu ndiye aliyekuwa akimletea chai.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza.

"Ulipokuja ulisema sasa nipumzike, kazi ya chuma umeipokea. Nikaona umesema kwa wema. Nikangoja uniulize." Jovitha alikunja pembe ya kanga. "Halafu nikaona unazipima."

"Ulijua?"

"Mwenzangu, maikromita ukiitumia huirudishi na kitambaa chake. Nilikuwa nakuona nikiwa dirishani kwa Anifa. Unapima, unageuza, unapima, halafu unanuna. Ukinuna nilikuwa najua hujapata kosa." Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kila ukinuna, nilikuwa nafurahi."

Ravindra alikohoa, kukohoa kwa mtu anayezuia kitu kingine. "Sasa, fundi. Mafundi. Hii itanyooka, au tunahitaji mpya?"

Swali lilikuwa la kawaida, na Aristides alijua limebeba nini. Dai mpya ingekaa ndani ya mashine ile miaka mingi. Mtu angeelekeza taa na kutazama ndani na kutaja jina. Angeweza kusema: nitaitengeneza mimi. Alikuwa na haki. Kosa amelipata yeye na dawa yake anaijua yeye. Jovitha angerudi kwenye kaunta bila neno, na angeendelea kumletea chai.

Alitazama tena ndani ya dai. Uso ule wa kioo yeye hakuwahi kuupata, hata siku zake bora. Huo nao ulikuwa ukweli, wenye uzito uleule wa mshale.

"Mpya," alisema. "Atakereza yeye. Njoo Ijumaa."

*

Jovitha alikalia kiti, miguu ikaning'inia. Akashuka, akakizungusha chini, kikakwaruza, mpaka kilipotulia kwenye ile alama ya kulika. Akaketi tena. Nyayo zilikanyaga sakafu sawasawa.

"Usiishike kwa ndani," Aristides alisema. "Kereza nje kwanza, chuma kikiwa hakijatobolewa, kisha tengeneza pete, uipasue upande mmoja, uivalishe kwa nje, ndipo utoboe. Taya zikibana zinabana pete, na pete inaishika dai pande zote kwa pamoja. Haitavimba."

Jovitha alifikiri. "Nani alikufundisha hiyo?"

"Padri mmoja, mkali."

"Onesphory hakuijua hiyo."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno kama hilo ndani ya karakana ile. Aristides alilipokea, akaliweka mahali pake.

Kisha Jovitha akawasha mashine. Chuma kilianza kutoka kwenye ncha ya kisu kwa uzi mmoja mrefu, mwembamba, unaojikunja bila kukatika. Uzi wa Aristides hukatika. Alishika taa na kuielekeza pale alipoambiwa, na kitu kile chini ya mbavu kikambana tena, zaidi ya siku zote, kwa sababu sasa hakukuwa na kaburi la kukipelekea. Aliyekifanya alikuwa hapa, ameuma ulimi pembeni mwa mdomo, vumbi la chuma kwenye nyusi.

Alipomaliza, Jovitha alimpa dai mkononi, bado ina joto. "Haya. Pima."

Aristides aliifuta. Aliipima kwa maikromita, akageuza, akapima. Sawa. Akailaza kwenye kitako, akaweka saa, akaizungusha kwa kidole. Mshale haukutikisika. Akaisogeza mbele kidogo, akazungusha. Akaigeuza kichwa chini, akazungusha tena, polepole, akiinama mpaka pua ikakaribia kioo.

Akanuna.

Nyuma yake Jovitha alikuwa ameanza kufagia vumbi la chuma, huku akiimba kwa sauti ya chini.